Kumalizia plasta ya nje msimu wa baridi na ukungu: mwongozo kwa fundi na mwenye nyumba wa nyanda za juu

Kuanzia Juni hadi Agosti, watu wengi wa Njombe, Makete na Mufindi hugeukia kuta za nje. Mvua kubwa zimepita, paa limeshafungwa, mahindi yameuzwa na fedha ya plasta imepatikana. Huko Limuru na Kinangop nchini Kenya miezi ni hiyo hiyo na baridi ni hiyo hiyo. Wakati huu unafaa kabisa kwa kazi ya nje, ila unataka utaratibu wake. Plasta iliyopigwa Julai kwa mazoea ya Dodoma au Morogoro ndiyo inayotoa unga ukiipapasa mwaka unaofuata, ndiyo yenye nyufa ndogondogo zilizosambaa uso mzima, na ndiyo inayobanduka vipande karibu na msingi.

Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kushikana na maji. Maji yakiikimbia mapema, kazi hiyo inakatika katikati. Kwa hiyo ukungu na hewa yenye unyevu si adui wa plasta, na mara nyingi vinaisaidia. Kinachoisumbua ni baridi. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi saruji huchukua takriban mara mbili ya muda inaouchukua kwenye nyuzi 20, na chini ya nyuzi 5 karibu inasimama. Maji yaliyo ndani ya plasta changa yakiganda kuwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kusukuma chembe za mchanga ziachane. Plasta iliyopasuliwa hivyo usiku wake wa kwanza hairudi kuwa nzima, hata uimwagilie mwezi mzima.

Basi fundi wa baridi kazi yake kubwa ni kuipa saruji muda wa kutosha. Makosa karibu yote nitakayoyataja huko mbele yanatokana na mtu kujaribu kuufupisha muda huo.

Jua baridi yako ni ya aina gani

Baridi ya Mufindi si baridi ya Makete. Kwenye ukingo wa Mufindi, penye mashamba ya chai, upepo kutoka kusini-mashariki hupanda na unyevu wake, kisha ukungu na manyunyu hukaa hadi karibu adhuhuri. Limuru nako wingu hufunika siku nzima. Hapo hofu yako ni maji: plasta changa kuoshwa, na ukuta kulowa kiasi cha kukataa kushika. Sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, si tatizo kubwa, kwa sababu wingu la usiku hufanya kazi ya blanketi.

Makete, uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,500, na baadhi ya mabonde ya Njombe ni habari nyingine. Mchana mbingu ni wazi na jua ni kali, usiku nyota zinaonekana zote, upepo umetulia, na alfajiri majani ni meupe kwa sakitu. Hapo hofu yako ni usiku. Plasta iliyopigwa saa kumi jioni inaingia gizani ikiwa bado tope.

Nunua kipimajoto cha kawaida ukining'inize kwenye ukuta wenyewe, upande wa kivuli. Simu hukuambia joto la hewa ya mjini, wala haijui ukuta wako wa kusini una baridi kiasi gani saa mbili asubuhi. Kanuni ni rahisi: usianze kazi ukuta ukiwa chini ya nyuzi 5, na usianze kama unajua utashuka chini ya hapo kabla plasta haijashika. Kwa siku ya kawaida ya Julai huko juu, hii ina maana ya kuanza kupiga saa nne asubuhi na kuweka mwiko chini saa nane mchana. Saa zinazobaki ni za kumalizia na kufunika. Fundi anayelipwa kwa mita ya mraba hataupenda mpango huu, kwa hiyo elewaneni kabla ya kazi: mlipe kwa siku, au ongeza kidogo kwenye bei ya mita ili kupunguza eneo la siku kusiwe hasara yake.

Panga kuta kwa jua

Mwezi Juni na Julai jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini hauguswi na jua miezi hiyo. Nyanda za joto fundi hufuata kivuli, huku kwenye baridi anafuata jua. Anza na ukuta wa mashariki, ambao hupata joto mapema, kisha wa kaskazini. Wa magharibi uupige siku unayoamini jua la mchana litatoka. Wa kusini uuache mwisho, ukiwezekana usukume hadi Agosti inapoisha, na uupe muda mrefu kuliko kuta zote katika kila hatua.

Kuna mtego mmoja. Jua la mita 2,000 juu ya usawa wa bahari pamoja na upepo mkavu linaweza kukausha ngozi ya plasta huku ndani kukiwa na baridi na ulaini. Uso unaonekana tayari, ukiubonyeza unazama kama utando wa maziwa. Siku ya namna hiyo tundika turubai usawa wa jukwaa ili jua na upepo visipige moja kwa moja.

Saruji, mchanga na chokaa

Kwenye mfuko wa saruji kuna namba, 32.5 au 42.5, na herufi N au R. Namba ni nguvu yake baada ya siku 28, na herufi R ina maana inapata nguvu mapema. Kwa baridi, 42.5R au 42.5N inafaa zaidi kuliko 32.5N. Saruji zenye majivu ya volkano au pozolana ni nzuri kwa kudumu lakini huanza taratibu, na baridi huzichelewesha zaidi. Ukitumia 42.5 usidhani lazima uiongeze ili iwe imara zaidi. Plasta yenye saruji nyingi husinyaa sana, na plasta inayosinyaa juu ya tofali laini la kuchoma lazima ipasuke.

Mifuko iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na ifunikwe nailoni. Katika ukungu hata mfuko uliofungwa hunyonya unyevu. Uking'amua mabonge, yabonyeze kwa vidole: yakisagika kuwa unga saruji bado inatumika, yakigoma usiipandishe ukutani.

Mchanga wa mtoni mara nyingi una udongo wa mfinyanzi. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Udongo utalala juu kama tabaka laini. Tabaka hilo likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe. Udongo hushika maji, hukauka kwa kusinyaa, na kwenye sakitu ndiyo unaotanguliza kubanduka.

Lipo jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau kwenye ukungu: mchanga wenye unyevu huvimba. Chembe zinaachana kwa utando wa maji, na ujazo unaweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Ukipima ndoo kumi za mchanga wenye umande umepata ndoo nane tu za mchanga wenyewe, na mchanganyiko wako umekuwa mkali kwa saruji bila wewe kujua. Funika lundo la mchanga usiku. Kama umelowa, ongeza ndoo moja au mbili.

Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35 za saruji, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la chini la plasta, upimwe saruji moja kwa mchanga tano: mfuko mmoja kwa ndoo tisa hivi za mchanga mkavu. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma, zenye mabonde na vilima, mfuko huo utafunika mita za mraba 10 hadi 12. Mkono wa mwisho mimi napendelea saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa iwe ile ya ujenzi ya unga, iliyokwisha kuzimwa. Inaufanya mchanganyiko ushike maji, uteleze vizuri chini ya ubao, na ukuta upumue unyevu nje. Ukanda wetu una chokaa inayochomwa Songwe, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikosa. Iliyo muhimu ni hii: kila tabaka la nje liwe dhaifu kidogo na jembamba kuliko lililo chini yake. Ukigeuza, la juu litavuta na kuling'oa la chini.

Usitie sabuni ya unga ili mchanganyiko uwe laini, inajaza mapovu yasiyo na kipimo. Usitie chumvi kuzuia barafu, itatoka ukutani miaka yote. Dawa za kuharakisha saruji zenye kloraidi zitalisha kutu wavu na nondo.

Kuandaa ukuta

Kwangua ukungu wa kijani, vumbi na mota iliyochuruzika. Penye zege, kama kwenye lenta na nguzo, tundika wavu wa kuku wenye zinki uingie sentimita 15 upande wa tofali na 15 upande wa zege. Zege na tofali hutanuka tofauti, na ufa ulionyooka juu ya dirisha karibu daima unafuata mpaka huo.

Kisha jaribu kiu ya ukuta. Mwagia maji kidogo kwa mkono. Yakinywewa papo hapo, ukuta una kiu, nyunyizia kidogo na subiri ung'avu wa maji upotee. Yakichuruzika hadi chini bila kunywewa, ukuta umeshiba, na plasta itateleza au kuning'inia tumbo. Hilo hutokea sana Mufindi baada ya siku tatu za manyunyu. Dawa yake ni kusubiri nusu siku ya jua au upepo, si kuongeza saruji.

Baada ya hapo rusha kwa mwiko mchanganyiko mwembamba wa saruji moja kwa mchanga mkali mbili au tatu, ukuta mzima, uache uso wa vinundu. Usiusawazishe. Nyanda za joto huwa tayari kesho yake, kwenye baridi uupe siku mbili au tatu. Sugua kwa kiganja: vinundu visipong'oka, endelea.

Mkono wa kwanza

Maji ya kuchanganyia yasiwe ya mtoni moja kwa moja saa moja asubuhi. Acha pipa juani au pasha maji yawe ya vuguvugu, kiasi ambacho mkono unakaa ndani bila kuungua. Lowesha mchanga kwanza, saruji ifuate. Saruji ikikutana na maji ya moto sana inashika ghafla na kupoteza nguvu. Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja na nusu. Kwa kuwa baridi inauweka mchanganyiko laini muda mrefu, watu huuacha kwenye toroli hadi baada ya chakula, kisha huuamsha kwa maji. Mchanganyiko ulioanza kukaza haurudishwi kwa maji. Umwage.

Panga alama za unene kwa timazi, piga unene wa milimita 10 hadi 12, usizidi 15 kwa mkono mmoja. Penye shimo kubwa jaza kwanza, subiri siku ifuatayo. Sawazisha kwa rula kutoka chini kwenda juu, kisha ukwaruze mistari ya mawimbi kwa msumari au kipande cha wavu, yenye kina cha milimita chache. Plasta isishuke hadi udongoni: iishie kama sentimita 15 juu ya ardhi, la sivyo itavuta maji toka chini. Chini ya kizingiti cha dirisha acha mfereji mdogo wa kukatisha tone.

Sasa subiri. Kipimo kinachotumika sana ni siku moja kwa kila milimita ya unene, na kwenye baridi yenye ukungu muda huo huzidi. Kwa milimita 12 hesabu wiki mbili, kwa ukuta wa kusini zaidi. Nyufa nyembamba zikitokea kipindi hiki ni heri: mkono wa kwanza unamaliza kusinyaa kabla wa mwisho haujaja juu yake.

Mkono wa mwisho, na saa ya kuusugua

Hapa ndipo kazi inapopatikana au inapopotea. Nyunyizia mkono wa kwanza kidogo, piga wa mwisho kwa milimita 6 hadi 8, sawazisha, kisha uache.

Kwenye joto la nyuzi 20 na zaidi fundi huanza kusugua baada ya saa moja au mbili. Kwenye nyuzi 9 inaweza kuchukua saa nne, na siku ya ukungu mzito hata zaidi. Saa ya mkononi haikusaidii, dole gumba ndilo linalojua. Bonyeza kwa nguvu ya kawaida. Kama dole linazama na kutoka na tope, bado. Kama linaacha alama hafifu na kutoka safi, anza. Kama haliachi alama yoyote, umechelewa, na kila utakachosugua kitang'oa mchanga. Jaribu sehemu tatu: juu karibu na paa, katikati, na kwenye kona yenye kivuli. Mara nyingi juu huwa tayari kwanza, basi ufuate ukuta unavyoiva badala ya kuulazimisha uive pamoja.

Ni katika kungoja huku ndipo mkono wa mtu unapokwenda kwenye mfuko. Anachukua saruji kavu, anaipuliza ukutani ili inyonye maji, anasugua, uso unang'aa, anashuka jukwaani. Ametengeneza ngozi ngumu ya milimita moja juu ya mwili laini. Ngozi hiyo itasinyaa peke yake, itajaa nyufa za utando wa buibui, maji ya mvua yataingia humo, na sakitu ya mwaka unaofuata itaibandua. Mwenye nyumba, ukiona jambo hili, simamisha kazi. Hakuna rangi itakayolificha.

Kusugua mno kabla ya wakati kunaleta madhara yale yale: kila mzunguko wa ubao hupandisha maji na vumbi laini la saruji juu. Sugua kwa ubao wa mti, au sponji yenye unyevu kidogo, mizunguko michache, na uridhike na uso wenye chenga kidogo. Kwa kuta za nje za nyanda za juu sishauri mwiko wa chuma wala niru, yaani kupaka uji wa saruji ili uso uwe laini. Uso unaong'aa hufunga vinyweleo, huzuia unyevu usitoke, na huonyesha kila ufa. Kama unataka mapambo, uso wa kurushia kwa mashine ya mkono unavumilia baridi vizuri na huficha tofauti za siku hadi siku.

Malizia ukuta mmoja kwa siku moja, kona hadi kona. Ukilazimika kukata, kata kwenye bomba la maji ya mvua au pembeni mwa dirisha. Kiungo cha leo na kesho katikati ya ukuta kitaonekana daima, hasa baridi ikibadilika kati ya siku hizo.

Usiku na siku zinazofuata

Saa kumi jioni funika. Turubai au magunia yaning'inie toka ukingoni mwa paa, yakiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na chini yazibwe kwa mawe upepo usipite. Nailoni inayogusa plasta huacha madoa. Huko Makete weka magunia makavu na nailoni juu yake. Funua jua likishafika, si alfajiri. Usiwashe jiko la mkaa nyuma ya turubai, linakausha kipande kimoja na moshi wake ni hatari kwa aliye ndani.

Kumwagilia kunaendelea, ila kwa busara. Siku za ukungu hewa yenyewe inatosha. Siku za jua na upepo nyunyizia ukungu mwembamba wa maji saa nne na saa nane, usipige mpira. Baada ya saa tisa usimwagilie tena: maji ya jioni ndiyo barafu ya usiku. Endelea siku saba, kwa ukuta wa kusini kumi. Mwachie fundi au saidia fundi malipo ya siku hizo, maana kazi isiyolipwa haifanyiki.

Mambo yakiharibika

Manyunyu yakikuta plasta mbichi na kuitoboa, usiirudie kwa mwiko. Funika, iache ikaze, kisha ikwangue na upige mkono mwembamba mpya. Weupe kama chumvi ukitokea baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida ni chokaa ya saruji iliyosafirishwa na maji hadi nje na kukutana na hewa. Ipanguse kwa brashi kavu, siku ya jua. Ukiiosha kwa maji unaulowesha ukuta tena, na weupe unaweza kurudi. Plasta zenye rangi iliyochanganywa ndani hupata madoa haya vibaya zaidi, ndiyo maana kazi ya namna hiyo ingoje Septemba.

Plasta iliyopigwa na sakitu hujulikana kwa msumari: unakwaruza bila nguvu na mchanga unamwagika. Gonga pia kwa mpini wa nyundo, penye sauti ya mtungi mtupu pameachana na ukuta. Kata eneo hilo kwa mraba hadi kwenye tabaka zima, usipige mpya juu yake.

Rangi ingoje si chini ya siku 28, na kwenye unyevu huu mara nyingi wiki sita hadi nane. Bandika kipande cha nailoni ukutani jioni, kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Asubuhi ukiona matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Tumia rangi ya maji ya nje inayoruhusu ukuta kupumua, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi, na ufanye jaribio la nailoni kwa kila ukuta peke yake. Wa kaskazini unaweza kuwa tayari wiki kadhaa kabla ya wa kusini, na hakuna ubaya nyumba ikakaa na rangi mbili kwa muda huo.